Amri ya Nne: Nani Hapumziki Nyumbani Mwetu?



Katika Amri Kumi ya nne ni ile ya siku ya pumziko. Ndugu zetu Wakatoliki na Walutheri huihesabu kuwa ya tatu, maana huziunganisha mbili za kwanza. Amri yenyewe ni ile ile. Tukisikia habari ya kuua, kuzini na kuiba, twajichunguza. Tukifika hapa hatuna wasiwasi. Kila mmoja ajiambia moyoni, "Mimi Jumapili nakwenda kanisani, basi hii nimeishika."

Hebu tuisome polepole, katika Kutoka 20:8-11, kisha katika Kumbukumbu la Torati 5:12-15. Amri yataka siku itakaswe, na mara yaeleza namna ya kuitakasa: kazi ikome. Halafu yataja watu. Yamtaja mwana na binti, mtumwa na kijakazi, mgeni akaaye mjini kwetu, na hata wanyama. Sehemu kubwa ya amri hii si habari ya yule anayeisikia, bali ni habari ya wale walio chini ya mkono wake.

Fikirini basi nyumba moja ya Kikristo, Jumapili asubuhi. Msichana wa kazi ameamka saa kumi na moja. Amechota maji, amepiga pasi nguo za watu sita, amechemsha chai, amewavika watoto. Saa moja na nusu familia yote yatoka kwenda kwenye Ibada ya Ushirika Mtakatifu, naye abaki na mtoto mchanga na sufuria ya pilau, kwa kuwa leo watakuja wageni. Saa nane wenye nyumba wamejinyosha vitandani, yeye aosha vyombo. Je, nyumba hiyo imeishika amri ya nne? Baba ameishika, labda. Amri, hata hivyo, haikuishia kwa baba.

Kabla ya kuendelea tuseme kidogo juu ya siku yenyewe, maana swali hili huulizwa kila mara, hasa na vijana wenye majirani Wasabato. Siku ya saba ya Maandiko ni Jumamosi, hilo halina ubishi. Kiswahili chetu huhesabu siku kutoka Ijumaa, ndiyo sababu tunasema Jumapili, ya pili. Lakini katika Biblia hiyo ni siku ya kwanza ya juma, ndiyo aliyofufuka Bwana. Katika Matendo 20:7 twawaona waumini wa Troa wamekusanyika siku hiyo kumega mkate. Haikuwa siku ya mapumziko katika dola ya Rumi. Mnamo mwaka 112 liwali mmoja, jina lake Plinio, alimwandikia Kaisari Trajano kwamba Wakristo wa jimbo lake hukutana siku maalumu kabla ya mapambazuko, kisha hutawanyika na kukutana tena kwa chakula. Katika barua hiyo hiyo aeleza kwamba aliwatesa wajakazi wawili, waliokuwa na cheo cha uhudumu katika kanisa, ili apate habari. Ilikuwa mwaka 321 ndipo Kaisari Konstantino alipoamuru mahakimu, watu wa mijini na mafundi wapumzike Jumapili. Wakulima aliwaacha walime, mvua isije ikawapita. Sisi basi twaishika Jumapili kama Siku ya Bwana, wala hatugombani na anayeishika Jumamosi. Mtume Paulo alikwisha kutuonya juu ya ugomvi huo katika Warumi 14 na Wakolosai 2. Laiti majirani zetu wangetushinda kwa neno moja tu, yaani kujiandaa tangu jana yake! Hilo tutalirudia.

Sasa turudi kwenye ile milango miwili ya amri. Kutoka na Kumbukumbu la Torati hazitoi sababu moja. Kutoka yasema twapumzika kwa kuwa Mungu mwenyewe, alipokwisha kuumba, alipumzika. Kumbukumbu la Torati yasema mtumishi wako apumzike kama wewe, nawe ukumbuke kwamba ulikuwa mtumwa Misri na Bwana akakutoa. Sababu ya kwanza yatazama mbinguni, ya pili yatazama mgongo wa mtu aliyechapwa fimbo.

Na kuna mlango wa tatu ambao hatuusomi sana, Kutoka 23:12. Hapo amri yatolewa kwa kifupi, na shabaha yake yatajwa wazi: ng'ombe na punda wapate nafuu, na mwana wa kijakazi pamoja na mgeni waburudike. Neno la Kiebrania lililotumika hapo kwa mwana wa kijakazi lahusu pumzi, kurudisha pumzi kwa mtu aliyechoka. Neno hilo ni adimu. Katika Agano la Kale lote laonekana mara tatu tu, na mojawapo ni Kutoka 31:17, ambapo latumika kwa Mungu mwenyewe alipomaliza uumbaji. Yaani Mungu Mwenyezi na mtoto wa mjakazi wamepewa neno moja! Sisi Waswahili hatuhitaji kueleweshwa sana, kwa kuwa lugha yetu yasema vivyo hivyo: kupumzika ni kupata pumzi. Anayemnyima mtu siku ya kupumzika amemnyima pumzi.

Sisi Waanglikana wa pwani hii tuna sababu ya kuisoma Kumbukumbu la Torati 5:15 kwa kicho. Kanisa Kuu la Kristo pale Mkunazini, Unguja, limejengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, na jiwe la msingi likawekwa sikukuu ya Krismasi ya mwaka huo huo. Mwaka 1875 pakaanzishwa Freretown, karibu na Mombasa, makao ya watu waliokombolewa majahazini. Wengi wa Wakristo wetu wa kwanza, na baadhi ya walimu na mashemasi wa mwanzo, walitoka katika watu hao. Kwa hiyo maneno ya kukumbuka utumwa si habari ya Wayahudi wa kale peke yao. Ni historia ya kanisa letu, ndiyo maana ni aibu Mkristo wa kanisa hilo kumweka mtoto wa mwenzake kazini siku saba kwa juma na kuona ni jambo la kawaida.

Baadhi ya akina mama wameuliza: mbona katika orodha ile mke hatajwi? Mwana yupo, binti yupo, kijakazi yupo, punda yupo, mke hayupo! Je, yeye apike tu? La hasha. Mke hatajwi kwa sababu yumo katika lile "wewe" la mwanzo. Amri yasema na wenye nyumba wote wawili kwa pamoja, na wote wawili wameamriwa kuacha kazi. Tungependa akina baba waisome sentensi hii mara mbili, kwa kuwa katika nyumba nyingi zisizo na msichana wa kazi, mama ndiye msichana wa kazi, na Jumapili ndiyo siku yake ngumu kuliko zote.

Hapo mama atasema, na ana haki, "Nisipopika mtakula nini?" Jibu limo katika Kutoka 16, habari za mana, nayo yastahili kusomwa nyumbani kwa sauti. Angalieni kwanza kwamba mlango wa kumi na sita watangulia ule wa ishirini. Wana wa Israeli hawajafika Sinai, hawajapewa mbao za mawe, na tayari wanafundishwa pumziko, tena kwa chakula. Kila siku kila mtu aokota pishi moja. Akibakiza hadi asubuhi chaoza na kuingia mabuu. Siku ya sita waokota pishi mbili kwa kila mtu, wapika na kuoka kinachopikwa, na siku ya saba kile kilichobaki hakina harufu wala mdudu. Hata hivyo baadhi yao walitoka kwenda kuokota siku ya saba, wasipate kitu.

Tusiwacheke. Ndio kwanza walikuwa wametoka katika nchi ambako hesabu ya matofali ilidaiwa kila siku, na asiyetimiza alipigwa. Mtu aliyelelewa hivyo haamini kwamba siku moja yaweza kupita bila yeye kuhangaika na bado akala. Hofu hiyo Mungu hakuiondoa kwa hotuba. Aliwapa chakula maradufu siku ya sita, wakaona kwa macho yao, juma baada ya juma, mpaka miguu yao ikazoea kukaa hemani.

Basi pumziko la Jumapili hutengenezwa Jumamosi. Kwa Wayahudi siku huanza jua likizama, na hata wazee wetu wa pwani waliposema "usiku wa Ijumaa" walikuwa na maana ya usiku wa kuamkia Ijumaa, si ule unaofuata. Kanisa letu limeihifadhi desturi hiyo kidogo: Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 chaagiza kwamba kolekta ya Jumapili isomwe katika Sala ya Jioni iliyotangulia. Nyumba ikifuata hesabu hiyo, Jumamosi alasiri nguo zimepigwa pasi, maji yamejaa madumu, maharage yamechemka, mchele umechaguliwa, viatu vimepakwa rangi, na kazi hizo zimegawanywa, wavulana nao wakiwemo. Jumapili ni kupasha moto na kula. Chakula kitakuwa cha kawaida. Wageni wakija watakula hicho hicho. Tumejitwisha desturi ya kufanya karamu siku ambayo mpishi ameamriwa kupumzika, na sisi twaona afadhali wali na maharage ya jana pamoja na mama aliyekaa mkekani akicheka na watoto wake, kuliko pilau iliyopikwa na mtu aliyenuna.

Tuje kwa wale walioajiriwa, maana hapa ndipo jambo linapouma. Sheria za nchi zetu zimekwisha kusema. Tanzania ina Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo yampa mfanyakazi mapumziko ya angalau saa 24 kila juma. Kenya, kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, yampa angalau siku moja katika kila siku saba. Mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba namba 189 juu ya watumishi wa nyumbani, nao wataja saa 24 zinazofuatana. Je, ni wangapi kati yetu sisi tushirikio Meza ya Bwana tumewapa watumishi wetu hata saa kumi na mbili? Mara nyingi hujibiwa kwamba "huyu ni kama mtoto wetu". Vema. Binti yetu naye ametajwa katika amri, tena kabla ya kijakazi. Lakini mtoto wetu huenda Jumapili kumtembelea rafiki, hulala mchana, huketi katika viti vya kanisa. Kama huyu ni mtoto, na apewe ya mtoto. Na ikiwa yeye ni Mwislamu, amri haikusema apumzike anayeabudu pamoja nasi tu. Mgeni ametajwa waziwazi. Mpeni Ijumaa yake, au siku aitakayo.

Mlinzi wa usiku yumo pia, na kijana wa dukani, na utingo wa basi letu. Hata punda wa maji amepewa nafasi katika amri, na kwa bahati mbaya punda hana wa kumsemea.

Wapo ambao kazi yao haiwezi kusimama. Muuguzi, mkunga, askari, nahodha aliye baharini hawaachi kazi kengele ikilia. Bwana alikumbusha, katika Mathayo 12, kwamba makuhani hekaluni walifanya kazi siku ya Sabato bila kosa. Kwao dawa ni kupata siku nyingine, na jamaa waiheshimu siku hiyo kama wanavyoiheshimu Jumapili. Padre naye apumzike katikati ya juma, wala asigongewe mlango kwa ajili ya cheti cha ubatizo.

Vipi kibarua anayekula alichopata leo, au mama muuza samaki ambaye akifunga siku moja watoto hulala na njaa? Hapo hatuna haja ya kumhubiria sana. Someni Nehemia 13:15-22. Nehemia aliwakuta watu wakileta mizigo Yerusalemu siku ya Sabato, na watu wa Tiro wakiuza samaki. Je, alianza na wauza samaki? Hapana, alianza kugombana na wakuu wa Yuda, watu wenye uwezo, wanunuzi, wenye sauti mjini. Baadaye ndipo alipofunga malango. Nabii Amosi naye, katika mlango wa nane, hawashutumu maskini wanaofanya kazi, bali wafanyabiashara wanaohesabu saa ili Sabato iishe wapate kuuza nafaka kwa kipimo cha udanganyifu. Kwa hiyo wenye maduka na sisi wanunuzi tujiulize kwanza. Tukinunua samaki wa Jumapili siku ya Jumamosi, tumemfungulia mama yule nafasi. Na mwajiri alipaye ujira usiotosha siku sita, asishangae kumkuta mtu wake akitafuta kibarua siku ya saba.

Kuna upande mwingine wa kosa, nao ni wa wale wanaoifanya Jumapili kuwa kifungo. Luka 13:10-17 yatupa habari ya mwanamke aliyepinda mgongo miaka kumi na minane. Yesu alimponya katika sinagogi siku ya Sabato, na mkuu wa sinagogi akakasirika, akauambia umati kwamba siku sita zipo za kuja kuponywa. Bwana akamjibu kwa mfano wa ng'ombe na punda: wao humfungua mnyama siku hiyo na kumpeleka kunywa maji. Katika Kiyunani neno la kumfungua mnyama kamba na la kumfungua mwanamke yule ni moja. Sabato ndiyo siku iliyofaa kabisa kumfungua. Mama huyo alipata pumzi yake.

Na michezo? Vijana wameuliza kama ni dhambi kucheza mpira Jumapili. Kanisa la Uingereza liligombana sana juu ya hili. Mwaka 1618 Mfalme James wa Kwanza alitoa tangazo kwamba baada ya ibada watu waruhusiwe kucheza ngoma, kulenga mishale na kuruka, kwa hoja kwamba mtu afanyaye kazi juma zima hana siku nyingine ya kuunyosha mwili. Asiyekwenda kanisani, hata hivyo, asicheze. Mfalme Charles alilitoa tena mwaka 1633 na kuagiza lisomwe makanisani. Makasisi kadha wa kadha walikataa wakasimamishwa, na mwaka 1643 Bunge likaamuru lichomwe moto. Sisi twaona mfalme alikuwa na neno la kweli katika hoja ile, ingawa kuwalazimisha makasisi kulisoma haikuwa hekima. Mpira baada ya ibada, watoto wakicheza na baba zao, hauvunji Siku ya Bwana. Kukaa mbele ya luninga tangu saa saba hadi usiku, huku mwingine akileta chai na kuondoa vikombe, ni jambo lingine.

Imebaki kanisa lenyewe, na hapa tutasema kweli hata kama wazee watatukunjia uso. Ibada ya kwanza, ibada ya pili, kisha Halmashauri, kisha kamati ya ujenzi, kisha mazoezi ya kwaya, kisha Umoja wa Mama, kisha harambee. Mzee wa kanisa afika nyumbani jua limezama, na wanawe walikwisha kula. Mama wa Umoja ametoka alfajiri kupika chai ya wageni wa sinodi. Kanisa lisiwe msimamizi wa matofali. Halmashauri yaweza kukutana Jumamosi asubuhi, au jioni moja katikati ya juma. Kamati nyingine zaweza kukutana mara moja kwa miezi miwili bila mbingu kuanguka. Urusi iliwahi kuvunja juma. Mwaka 1929 serikali ya Kisovyeti iliwagawa wafanyakazi makundi matano, kila kundi na siku yake ya mapumziko, viwanda visisimame. Watu walipumzika, naam, lakini mume siku yake, mke siku yake, watoto siku yao. Mwaka 1940 Jumapili ikarudishwa kwa wote. Tuangalie kanisa lisiwatenganishe watu wa nyumba moja kwa namna hiyo hiyo.

Kwa vikundi vya nyumbani mwezi huu twapendekeza jambo moja tu la kufanya. Kila nyumba iandike kwenye karatasi majina ya wote waliolala humo Jumamosi usiku, wenye nyumba, watoto, jamaa waliokuja kukaa, msichana wa kazi, mlinzi. Mbele ya kila jina iandikwe kazi alizofanya mtu huyo Jumapili, tangu kuamka hadi kulala, naye mwenyewe aulizwe, asiandikiwe. Kikundi kikikutana kisome Kumbukumbu la Torati 5:12-15, kisha karatasi zisomwe, na wenye nyumba waseme ni kazi zipi watazihamishia Jumamosi na nani atazifanya.